Mtoto Aliye Katikati ya Nyumba

Jumapili ya 25 ya Mwaka B
Masomo: Hek 2:12, 17-20, Yak 3:16–4:3, Mk 9:30-37



Injili ya Jumapili hii yatupeleka Kapernaumu, ndani ya nyumba. Bwana wetu na wanafunzi wake wametoka safarini. Njiani amewaeleza kwa mara ya pili kwamba atatiwa mikononi mwa watu, atauawa, na siku ya tatu atafufuka. Wao hawakulielewa neno hilo, tena waliogopa kumwuliza. Badala yake walishindana juu ya jambo walilodhani wanalielewa, yaani nani kati yao aliye mkubwa. Walipofika nyumbani na kuulizwa walikuwa wakibishania nini, wote walinyamaza. Ndipo Bwana alipoketi, akamtwaa mtoto mdogo, akamweka katikati yao na kumkumbatia. Akawafundisha kwamba ampokeaye mtoto wa namna hiyo kwa jina lake anampokea yeye, na tena anampokea Baba aliyemtuma.

Ndugu wapendwa, tutazame vizuri mahali jambo hili lilipotendeka. Bwana hakumtafuta mtoto huyo hekaluni, wala sokoni, wala katika nchi ya mbali. Alimkuta nyumbani. Mwinjili Marko hatuambii jina la mtoto, wala wazazi wake, wala alikuwa akifanya nini humo ndani. Hata hivyo, wataalamu wa Maandiko hutukumbusha kwamba katika Kiyunani neno «pais» laweza kumaanisha mtoto, na laweza pia kumaanisha mtumishi. Na neno analolitumia Marko katika Injili ya leo limezaliwa na hilo. Katika ulimwengu ule, mtoto na mtumishi walikaa karibu sana. Wote wawili walitumwa, na wote wawili hawakuwa na sauti barazani.

Sisi nasi twalijua jambo hilo kwa uchungu. Wazee wetu wanakumbuka enzi za ukoloni, mtu mzima mwenye mke na watoto alipoitwa «boi» na kijana aliyeweza kuwa mwanawe. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa mtu mzima alifanywa mtoto. Je, leo hatutendi kinyume chake? Katika nyumba zetu nyingi yumo binti wa miaka 12 au 13 ambaye wote humwita «dada», hata mama aliyemzidi umri mara tatu. Jina ni la heshima, lakini aghalabu pamoja na jina hilo twamtwika mzigo wa mtu mzima. Zamani mtu mzima alifanywa mtoto. Sasa mtoto anafanywa mtu mzima.

Tunapotaja watoto walio katika dhiki duniani, mawazo yetu hukimbilia mbali. Twawafikiria watoto wa vitani, watoto wa kambi za wakimbizi, watoto waliotiwa bunduki mikononi. Ni haki tuwafikirie na kuwaombea. Lakini tusikilize hesabu hii. Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto yalikadiria kwamba mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 duniani walikuwa katika utumikishwaji, na kati yao milioni 87 walikuwa katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mwaka 2020 hesabu ya dunia ilikuwa milioni 160. Tumshukuru Mungu kwa upungufu huo, lakini tusipitiwe na usingizi. Walio wengi wako mashambani. Wengine wako machimboni, wengine sokoni, na wengine wamo ndani ya nyumba za watu, nyuma ya mlango uliofungwa, mahali ambapo mkaguzi wa kazi hafiki. Hao wa mwisho ndio tunaotaka kuwatafakari leo, kwa sababu ndio walio karibu nasi kuliko wote.

Mturuhusu tuanze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya mjini, tulialikwa kubariki nyumba mpya ya familia ya waamini wema. Tulisali, tukanyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba, kisha tukakaribishwa mezani. Msichana mdogo alituletea maji ya kunawa. Birika lilimlemea, akalishika kwa mikono miwili. Tulinawa, tukamwambia, «Asante, dada.» Tukala chakula alichokipika, tukasifu upishi wa mama mwenye nyumba, tukaaga. Hatukumwuliza jina. Hatukumwuliza umri. Tulikuwa tumekibariki hata kile chumba cha stoo chenye magunia ya mkaa, tukauona mkeka uliokunjwa ukutani, wala hatukuuliza nani analala humo.

Miezi michache baadaye alikuja kutuona katekista wetu, mama mtu mzima aliyewafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alitueleza kwamba kila Jumamosi msichana mmoja huwaleta watoto wawili kwenye mafundisho, kisha hukaa nje chini ya dirisha, mtoto mchanga akiwa mgongoni, hata saa ya kutoka. Jumamosi hiyo mvua ilinyesha, naye katekista akamwita aingie, akamwuliza jina. Msichana alisita kidogo, ndipo akalitaja. Alikuwa na umri wa miaka 12. Huko kijijini alikuwa amefika darasa la tano baba yake alipofariki. Jamaa mmoja akaja kumchukua, akimwahidi mama mjane kwamba mjini mtoto atasomeshwa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Aliamka saa kumi alfajiri, akalala wote walipokwisha kulala. Aliambiwa kwamba mshahara wake hutumwa kwa mama. Tulikuja kujua baadaye kwamba mama alipokea mara mbili tu.

Katekista alipomaliza kueleza, alinyamaza kidogo. Naye alikuwapo siku ile ya kubariki nyumba. Kisha akasema, «Baba, ndiye yule aliyetunawisha mikono.»

Ndugu wapendwa, wale Thenashara walipoulizwa na Bwana, wakanyamaza. Nasi siku hiyo tulikijua kimya kile.

Tulikwenda pamoja na katekista kuzungumza na mama wa nyumba ile. Msidhani tulimkuta mtu katili. Alikuwa mwamini wa kweli, mwenye kutoa zaka, mwenye kuwatembelea wagonjwa. Alitusikiliza hata mwisho, ndipo akasema: «Baba, huko kwao wanalala na njaa. Hapa anakula, anavaa, akiugua anatibiwa. Mimi nimemsaidia. Je, nikimrudisha, ninyi mtamlisha?»

Swali hilo hatuna budi kulijibu kwa heshima, maana limo midomoni mwa wengi, tena ndani yake mna ukweli. Njaa ipo. Ujane upo. Wako wazazi wanaomtoa mtoto si kwa kukosa upendo, bali kwa kukosa unga. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama yule alilia siku binti yake alipopanda basi.

Lakini tupime. Katika nyumba ile ile alikuwamo mtoto mwingine mwenye miaka 12, mtoto wa mama mwenye nyumba. Huyo aliamka saa kumi na mbili, akakuta chai mezani na sare imepigwa pasi, akaenda shule. Aliyempigia pasi ni mwenzake wa rika moja. Kama kuamka saa kumi alfajiri na kulala stoo ni msaada, mbona watoto wetu wenyewe hatuwapi msaada huo? Kipimo ni hiki, ndugu: lile tusilokubali litendwe kwa mtoto tuliyemzaa, tusiliite hisani linapotendwa kwa mtoto wa mwenzetu.

Hatusemi kwamba mtoto asifanye kazi. La hasha! Sisi sote tulilelewa kwa jembe, kwa ndoo ya maji na kwa kuchunga mbuzi, na kazi hiyo ilitufunza. Mtoto anayeosha vyombo kisha akaenda shule, anayekula chungu kimoja na wenzake, anayecheza jioni na kulala mapema, huyo analelewa. Mtoto ambaye kazi imemnyang'anya shule, usingizi, mchezo na mama yake, huyo ananyonywa, hata kama anayemnyonya anasali Rozari kila jioni.

Tena jambo hili halikuachwa katika hiari ya kila mtu. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kiti Kitakatifu kiliuridhia mwaka 1990, miongoni mwa wa kwanza kabisa, na nchi yetu Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mkataba huo wasema kwamba mtoto ana haki ya elimu, haki ya kupumzika na kucheza, na haki ya kulindwa dhidi ya kazi inayomdhuru au kumzuia kusoma. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Yaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, yaani kazi isiyodhuru afya yake wala kumkosesha shule. Yakataza kazi za usiku kwa mtoto, na yahesabu kuwa unyonyaji kazi inayozidi muda wa saa sita kwa siku. Pia yampa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Kwa hiyo anayesema, «Hayo ni mambo ya nyumba ya watu,» anakosea mbele ya sheria kabla hata hajakosea mbele ya Mungu.

Na Kanisa je? Tangu mwaka 1891, katika waraka wake juu ya wafanyakazi, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alionya kwamba watoto wasitiwe katika kazi za viwandani kabla miili na akili zao hazijakomaa. Mtume Yakobo, tunayemsikia katika somo la pili leo, anatuonyesha kwamba ugomvi na matendo maovu huzaliwa na tamaa iliyomo ndani yetu. Na mbele kidogo katika waraka uo huo anatuambia kwamba ujira uliozuiliwa wa mfanyakazi hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Mungu. Ujira wa mtoto una sauti hiyo hiyo. Katika somo la kwanza tumewasikia waovu wakipanga kumjaribu mwenye haki kwa matukano na mateso, ili wauone upole wake. Nani ajaribiwaye hivyo mara nyingi zaidi kuliko mtoto aliye ugenini, asiye na mtetezi, ambaye sahani ikivunjika ni yeye, sukari ikipungua ni yeye?

Kanisa letu lina msichana mmoja anayeyajua hayo yote. Huyo ni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, huko Sudani, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akauzwa tena, akipita mikononi mwa mabwana kadhaa. Mateso yalimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita alipewa na waliomteka, kwa dhihaka. Ni neno la Kiarabu, na sisi Waswahili twalitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu «bahati». Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, na baadaye akapelekwa Italia, ambako alifanywa yaya wa mtoto wa familia moja. Mama wa familia hiyo alipokuwa safarini, Bakhita na mtoto yule waliachwa kwa Masista Wakanosa huko Venice, katika nyumba ya wakatekumeni. Hapo alifundishwa juu ya Mungu, ambaye moyoni alikuwa akimtafuta tangu utoto. Bibi yake aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Shauri likafika mbele ya mahakama, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa. Akawa sista, akafariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akamtangaza kuwa mtakatifu.

Makatekista wapendwa, mmesikia? Mlango wa uhuru wa Bakhita ulifunguliwa katika nyumba ya mafundisho ya dini. Hata hapa kwetu, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa Wakristo wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Basi tusishangae kwamba katika kisa chetu aliyeona si padre aliyebariki nyumba, bali ni katekista aliyetazama nje ya dirisha.

Turudi kwa binti yule. Swali la mama mwenye nyumba, kama tutamlisha, lilituuma. Tulilipeleka kwenye jumuiya ndogo ndogo za mtaa ule. Zikakubaliana kutoa gunia la mahindi kila mwezi hadi mavuno, pamoja na sare na madaftari. Afisa ustawi wa jamii alishirikishwa, akahakikisha kwamba nyumbani anakorudi ni mahali salama. Mama mwenye nyumba alikasirika, akakaa majuma matatu bila kutusalimu. Ndipo akaja mwenyewe, amefunga fedha katika kitambaa, sehemu ya kwanza ya mshahara uliosalia. Alimaliza deni lote kidogo kidogo, akaajiri mama mtu mzima, kwa mapatano ya maandishi na siku ya mapumziko. Binti alirudi kwao, akaingia tena darasa la tano pamoja na watoto aliowazidi kimo. Hatuwezi kusema kwamba yote yalitengenezwa. Miaka ile miwili hakuna aliyeweza kumrudishia. Lakini alirudi darasani, na akapokea Komunyo ya Kwanza parokiani kwao, akiitwa kwa jina lake.

Sasa tufanye nini? Kwanza, kila mmoja aanze nyumbani kwake. Sisi mapadre tuanze na jiko la nyumba ya padre. Watawa waanze na jiko la konventi. Viongozi wa parokia waanze na yao. Ikiwa yumo mtoto anayetumika, asifukuzwe leo jioni na mfuko wake mkononi. Huko ni kuongeza dhambi juu ya dhambi. Alipwe kilicho chake. Wazazi wake watafutwe. Afisa ustawi wa jamii aarifiwe, kwa kuwa wako watoto ambao nyumbani kwao ndiko walikotendewa mabaya, nao hawawezi kurudishwa bila uangalifu. Na kama wewe mwenyewe ndiwe mtoto unayesikiliza redio hii jikoni, au ni jirani unayesikia kilio nyuma ya ukuta, iko namba ya simu 116, ya kuwasaidia watoto hapa nchini, wala haitozwi malipo.

Pili, wazazi wa vijijini. Anapokuja jamaa na ahadi ya shule ya mjini, mwulizeni: shule gani? Darasa la ngapi? Atalala wapi? Nani atatupigia simu? Mwandikieni paroko au katekista jina la mji na mtaa anakokwenda mtoto. Mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo.

Tatu, makatekista na viongozi wa jumuiya. Mnapohesabu watoto wa mafundisho, msiishie kwa walioandikwa. Wahesabuni pia walioko nje ya dirisha. Jumuiya inapokutana katika nyumba fulani, kila mtoto aliyemo, wa kuzaliwa na wa kuletwa, aketi katikati kama yule wa Kapernaumu, aulizwe jina lake na darasa lake. Ni maswali mawili tu. Laiti nasi tungaliyauliza siku ile tulipokuwa tukinawa mikono!

Ndugu wapendwa, wanafunzi walitaka kujua nani aliye mkubwa. Dunia hujibu kwamba mkubwa ni yule anayehudumiwa na wengi. Bwana ametuonyesha mtoto, naye atamwulizia. Siku tutakaposimama mbele yake, huenda asituulize tulijenga makanisa mangapi. Huenda akatuuliza jina la yule aliyetuletea maji.

Tuombe. Ee Baba mwema, Mwanao aliishi Nazareti chini ya ulinzi wa Maria na Yosefu, akakua katika kimo na hekima. Wakumbuke watoto wote walio mbali na mama zao usiku huu, wanaofanya kazi wakati wenzao wamelala. Utusamehe sisi tuliowaona tukapita. Utupe macho ya kuwatambua, ujasiri wa kuwatetea, na mikono iliyo tayari kutoa. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, uwarudishie jina lao, shule yao na furaha yao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, na Jumapili njema. Tumsifu Yesu Kristo!